Fitina Hii Yatoka Wapi?

(Hotuba iliyosomwa Mugumu mbele ya wajumbe wa matawi, wanachama na wapenzi wa chama. Tunaipiga chapa kama ilivyosomwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu analijua lakini halisemwi mikutanoni: kwamba siasa imewafanya watu wa nchi hii kuwa mafungu mafungu. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya rangi ya fulana. Mama analipita duka la karibu na kwenda kununua chumvi mbali, kwa kuwa mwenye duka alipigia kura upande mwingine. Kwenye matanga watu wanakaa makundi mawili, kila kundi na sufuria lake. Hayo si hadithi za kusimuliwa. Tumeyaona kwa macho.

Wako wanaosema kwamba yote haya yaletwa na vyama vingi. Rudisheni chama kimoja, wanasema, na ugomvi utakwisha siku hiyo hiyo. Wako wengine, na hao hukaa mbali na Mara, wasemao kwamba kosa ni letu wenyewe, ati mtu wa huku huzaliwa na panga mkononi. Maneno yote mawili twayakataa, na leo tutaeleza kwa nini.

Tuanze na hilo la pili, maana ni tusi. Kabla Wajerumani hawajafika na kujenga boma lao Ikoma, babu zetu hawakuwa na mtemi wa kuwaamuru. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, wote walikuwa na koo na rika. Mkurya alizaliwa ama Msaai ama Mchuma, na mgawanyo huo ulijulikana na kila mtu, tena haukumtisha mtu. Jambo likiharibika, wazee waliita iritongo. Watu walikaa chini, wakasema, wakabishana mpaka jua likazama, na asiyeridhika alirudi kesho yake kusema tena. Kwa hiyo kugawanyika si kitu kigeni kwetu. Tulikuwa tumegawanyika sana, lakini tulikuwa na pahali pa kukaa.

Wajerumani walitaka mtu mmoja wa kudaiwa kodi. Waingereza nao, baada yao, walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi. Wakamchagua mtu wa ukoo huu wakamweka juu ya koo zote, wakampa mshahara, tarishi na mahabusu. Tangu siku hiyo utawala ukawa kitu ambacho ukoo mmoja unacho na mwingine hauna. Anayekitaka hana budi kumwondoa mwenzake. Machifu waliondolewa kwa sheria mwaka 1963, lakini ile desturi ya kusema “safari hii ni zamu yetu” haikuondolewa na sheria yo yote. Tunaisikia kila uchaguzi. Mgombea anafika kijijini, hasemi atafanya nini juu ya maji wala juu ya ndovu wanaokula mahindi, anahesabu koo. Ukoo fulani kura mia nne, ukoo fulani mia tatu. Baada ya uchaguzi ataondoka kwenda Dodoma, nasi tutabaki na hesabu yake.

Sasa tuje kwa wale wanaolilia chama kimoja. Sisi tuliozaliwa baada ya 1992 hatukukiona, ila tumekisoma na tumewauliza wazee waliokiishi. Tuwakumbushe kwanza kwamba TANU yenyewe ilianza kwa ubishi. Ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, serikali ya kikoloni haikuchelewa kuikataza katika Jimbo la Ziwa, na kwa miaka kadhaa, mpaka 1958, wazee wetu wa huku walifanya siasa kwa kujificha ndani ya vyama vya ushirika wa pamba. Kisha wakati wa kura tatu ukafika. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Katika nchi ya watu wapatao milioni tisa, walioandikishwa walikuwa karibu 60,000 tu. Ilikuwa dharau tupu.

Januari 1958 TANU ikakutana Tabora. Wengi walifika wakitaka kuususia uchaguzi ule. Mwalimu Nyerere akasimama upande wa pili, akataka chama kiingie. Walibishana siku kadhaa, kwa sauti kubwa, na mwisho wakaamua kuingia. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka, akaunda chama chake cha ANC. Mwaka 1962 akasimama kugombea urais akishindana na Nyerere mwenyewe, akapata kura elfu ishirini na moja hivi kati ya kura zaidi ya milioni moja. Alishindwa vibaya, lakini alisimama, watu walimsikia, kura zake zikahesabiwa, na Watanganyika hawakuchomeana nyumba.

Mwaka 1965 tukaingia katika chama kimoja kwa katiba. Hata hapo, msidhani watu walikuwa wamekoma kuchagua. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakawaangusha wakubwa bila huruma. Bwana Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika mzima wa pamba wa Ziwa, naye akaangushwa kwao Mwanza. (Wazee husema jembe lilipendwa kuliko nyumba, na wagombea waligombania alama kuliko walivyogombania hoja. Hilo nalo ni somo.) Lakini ndani ya miaka hiyo hiyo palikuwa na Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya 1962, na aliyekuwa na neno kubwa la kupinga alijifunza kulimeza. Hatusemi kwamba wakati ule ulikuwa mbaya wote. Twasema kwamba ukimya wake usiitwe umoja bila kuuchungua kwanza.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikawaulize wananchi. Asilimia 77 na kidogo walisema tubaki na chama kimoja. Asilimia 21 na kidogo walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikasema zaidi: ikataja sheria 40 zinazokandamiza, zifutwe au zirekebishwe. Watu wengi wanaikumbuka sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Vyama vikaruhusiwa mwaka 1992, nyumba yenyewe haikutengenezwa. Tulileta wapangaji wengi katika nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo ukabaki na mpangaji wa kwanza. Halafu tunashangaa kwamba wanasukumana mlangoni!

Hapa ndipo ilipo sababu ya kwanza, na kwetu ndiyo kubwa. Katika nchi yetu anayeshinda huchukua vyote, na anayeshindwa hapati hata kiti cha kukalia. Mkuu wa mkoa anateuliwa kutoka juu, mkuu wa wilaya anateuliwa, mkurugenzi anateuliwa. Kijana wa Mugumu aliyetoka chuo cha ualimu na kukaa miaka mitatu bila kazi haoni uchaguzi kuwa ni shauri la mawazo; anaona ni shauri la ugali. Ukimwambia “avumilie matokeo”, unamwambia avumilie njaa miaka mitano. Watu hawapigani kwa ajili ya ilani, ndugu zangu. Wangapi humu wamesoma ilani? Wanapigana kwa sababu wanaamini kwamba upande wao ukishindwa, wao wenyewe wamekwisha.

Tazameni Tarime. Mgodi wa North Mara ulianza kuchimba mwaka 2002. Dhahabu ikatoka; vijijini kukabaki madai ya fidia, vumbi, maji yasiyoaminika, na vijana wanaokimbizana na polisi juu ya vifusi. Tarehe 16 Mei 1911 ingekuwa habari za wakoloni. Lakini ilikuwa tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano walipopigwa risasi na kufa pale Nyamongo. Je, siasa ya mahali kama hapo inaweza kuwa ya upole? Mwaka 2005 Tarime ilimchagua Chacha Wangwe wa Chadema. Alipokufa katika ajali ya gari Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ulikuwa wa mawe na mabomu ya machozi. Magazeti yakaandika kwamba Wakurya ni wakali. Hayakuandika kwamba watu wanaoishi juu ya dhahabu walikuwa hawana njia nyingine ya kusikilizwa isipokuwa kura, ndiyo maana waliishika kura kwa mikono miwili.

Na huku Serengeti ni shauri la ardhi. Hifadhi iko upande mmoja, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yako upande mwingine, na kijiji kimebanwa katikati. Kila mpaka unapotengenezwa upya, chama hiki chasema ni kosa la kile. Anayelala njaa kwa sababu ndovu amemaliza shamba hajali kosa ni la nani, lakini akiambiwa mara nyingi kwamba jirani yake ndiye aliyewapigia kura waliomkosesha fidia, siku moja ataamini.

Sababu ya pili ni kura isiyoheshimiwa. Hapa tusizungumze habari za mbali, tuzungumze za nyumbani. Mwaka 2015 watu wa jimbo hili walimchagua Ndugu Marwa Ryoba kwa tiketi ya Chadema. Walisimama foleni, walipiga, walishinda. Mwaka 2018 mbunge akahama, akaingia CCM, na katika uchaguzi mdogo akarudi bungeni bila kupingwa. Haikutumbukizwa kura hata moja sandukuni. Mwaka ule ule majimbo ya Babati Mjini, Simanjiro na Ukerewe yalifanyiwa vivyo hivyo. Mtu ana haki ya kubadili mawazo yake, hatukatai. Lakini twauliza: mawazo ya wale waliopiga kura yalibadilishwa na nani? Aliyeshangilia alishangilia, aliyelia alilia, na hakuna aliyeulizwa. Tangu mwaka ule tukienda nyumba kwa nyumba kuandikisha watu tunajibiwa, “Niandike, nisiandike, si yatakuwa yale yale?” Na mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa makosa ya fomu, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Anayedhani kwamba asilimia 99 ni umoja hajapata kuongoza kitongoji.

Sababu ya tatu ni kufunga midomo. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikatazwa, na katazo likakaa mpaka Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Miaka sita na nusu! Wakati huo watu hawakuacha siasa, waliihamishia pembeni. Chuoni tulifundishwa jambo ambalo kila mwalimu hulithibitisha katika wiki ya kwanza ya kazi: darasa lililokatazwa kuuliza halinyamazi, hunong'ona, na mnong'ono hauna wa kuusahihisha. Mkutano wa hadhara una faida moja kubwa ambayo hatukuithamini mpaka tulipoikosa. Mpinzani wako anakuja kusikiliza, amesimama nyuma chini ya mwembe, anazomea, lakini anasikia. Katika kundi la simu ya mkononi kila upande husikia upande wake tu, na uongo hupita kutoka Sirari mpaka Mugumu kabla chai haijapoa.

Wengine watatuambia, kazieni kamba, fitina itakufa. Basi na tutazame Zanzibar, ambako kamba ilikazwa mapema. Januari 2001 watu waliandamana kudai uchaguzi urudiwe, wakapigwa risasi Pemba na Unguja, na wengine wapatao elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Pemba ilifika mahali watu hawazikani wala hawauziani kwa ajili ya chama. Hayo yaliponywa na nini? Si bunduki. Yaliponywa na wakubwa wawili, Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kukaa kitako Novemba 2009, na wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 kama wanakubali serikali ya pamoja. Asilimia 66 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa amani ambayo wazee wa Pemba walisema hawakupata kuiona. Kisha Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa kabla ya mshindi wa urais kutangazwa, na mengi yakarudi yalikokuwa. Dawa ilijulikana, mgonjwa alinyang'anywa chupa.

Na jirani zetu wa Kenya? Wakurya wako pande zote mbili za mpaka; tunachokisema Sirari kinasikika Isebania. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100. Waliokuja kuwapatanisha, Kofi Annan na Rais wetu Jakaya Kikwete, hawakuwaambia Wakenya wasiwe na vyama. Waliwaambia wagawane madaraka na wabadili katiba, nayo ikabadilishwa mwaka 2010.

Tumefika pagumu, nasi hatutaparuka. Aprili 2025 mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutotia sahihi kanuni za maadili. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, vijana waliingia barabarani katika miji mingi. Palikuwa na moto, palikuwa na risasi, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Tume ikatangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Waliokufa walikuwa watoto wa watu. Na oneni tulipofika: hata hesabu ya waliokufa ikawa ya kichama. Huyu akitaja wengi anaitwa adui wa nchi, yule akitaja wachache anaitwa muuaji. Kwenye matanga mengine watu waliogopa kusema marehemu alikufaje. Tukishindwa kulia pamoja, tutaweza kufanya nini pamoja?

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wapo waliosema ni ya kufunika, wapo waliosema tuisubiri. Sisi twasema neno moja tu juu yake: uchunguzi wa aina hiyo ni mali ya mama aliyempoteza mwanawe kabla haujawa mali ya chama cho chote, na yeye ndiye apaswaye kuusoma kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa, na majina yote yamo.

Ndugu wanachama, tumewasema wengine kwa muda mrefu. Sasa tugeuze kidole. Mwalimu Nyerere alipozungumza mwaka 1995 juu ya nyufa za nyumba yetu, hakutaja vyama vingi kuwa ni ufa. Alitaja rushwa, alitaja kuidharau katiba, alitaja Muungano, ukabila na udini. Nasi twauliza: rushwa hiyo inaanzia wapi kama si katika kura za maoni ndani ya vyama, na hatukisamehe chama chetu? Mjumbe analala nyumba ya wageni kwa gharama ya mgombea, anapewa bahasha, anarudi kwake akijua kwamba kura yake imeuzwa. Aliyenunua atataka fedha yake irudi. Aliyeshindwa kununua atanuna, atahama chama, na kesho utamwona jukwaani akitutukana kwa maneno yale yale aliyotufundisha sisi tuwatukane wengine. Fitina ya vyama mara nyingi ni hasira ya mnada.

Basi matawi yafanye nini? Kamati imekubaliana mambo haya, na makatibu watayaandika. Tawi lo lote lisipokee hesabu ya koo kutoka kwa mgombea, na atakayeileta, jina lake lisomwe mkutanoni. Mkutano wa tawi uanze kwa maswali, usianze kwa hotuba, na mgeni asiye na kadi aruhusiwe kuuliza. Bendera zisipelekwe msibani, wala fulana, wala salamu za chama. Mchango wa sukari na unga upelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, awe wa chama gani awaye, naye agawe. Kijana wetu akipeleka simu yenye habari ya mauti au ya kura, katibu amwulize kwanza ameipata kwa nani.

Na jambo la mwisho linahusu wazee. Tunawaomba wale waliopata kukaa katika iritongo, wa Tarime na wa Serengeti, bila kuangalia kadi zao, wakae pamoja kabla ya msimu wa kulima. Shauri la kwanza ni lile la matanga mawili, sufuria mbili. Chakula tutapika sisi vijana. Katibu wa tawi la mjini ndiye anayeandikisha majina, naye yuko hapa mbele. Akina mama wenye masufuria makubwa wasiondoke kabla ya kumwona.